Keja imekosa mpangaji? Anza kwa kupanda ngazi mwenyewe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mimi ndiye ninayetembeza kibaya. Kazi yangu ni kutafutia wapangaji zile keja ambazo zimekaa na kufuli miezi minne, mitano, mpaka buibui wamejiona wenye nyumba.

Hii kazi sikuisomea. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, nikabaki na simu yenye kamera poa na mtaa mzima wa Zimmerman uliojaa vibao vya nyumba tupu. Nikaanza kupiga video na kuziweka TikTok. Mpangaji akiingia, mwenye ploti ananilipa kamisheni. Kama una ploti, au mzazi wako amekuachia yake usimamie, au wewe pia unahaso na kazi kama yangu, kaa hapa kidogo. Kuna kitu nilijifunza kwa njia mbaya, na si mimi niliyeumia zaidi.

Mwaka jana mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinipigia simu. "Kijana wangu, nina vyumba vitatu huko juu, watu wanaingia wanatoka. Nisaidie. Mkopo wa Sacco haujui kama nyumba ni tupu."

Ploti yake ina orofa tano juu ya ile ya chini, na haina lifti. Bedsita tatu za juu kabisa, kila moja Sh9,000 kwa mwezi, zilikuwa tupu kwa miezi mitano. Piga hesabu: Sh135,000 zimepita na upepo.

Nikafanya kile ambacho karibu kila mtu wa kazi hii hufanya. Nilienda saa sita mchana, jua limejaa dirishani, nikaanza video mlangoni. Si kwenye geti, mlangoni. Ngazi hazikuonekana. Bomba sikulifungua. Nikaandika: "Bedsita safi, mwangaza wa kutosha, maji yapo." Wiki hiyo hiyo dada mmoja mwenye mtoto wa mwaka mmoja akalipa kodi na dipoziti. Nikapokea changu, nikanunua viatu.

Wiki ya sita akanipigia. Hakupayuka. Aliuliza tu, "Bro, ulijua maji hayafiki huku juu?"

Nilijua. Msimamizi wa ploti aliniambia siku ile ile ya video.

Dada huyo alikuwa akibeba mtungi wa lita 20 kutoka bomba la chini, ngazi 90, mtoto mgongoni. Siku ya kufua alipanda mara nne. Mwisho wa mwezi alihama, na pesa ya kuhama alikopa. Mama mwenye ploti alipata kodi ya miezi miwili, kisha kufuli ikarudi mlangoni. Katika hiyo hadithi yote aliyefaidika ni mimi na viatu vyangu.

Waulize waliohama

Hapo ndipo nilifanya kitu ambacho ningefaa kuanza nacho. Nilimwomba msimamizi awapigie wapangaji waliohama kutoka orofa ile, tuwaulize kwa nini. Alijaribu watano, wanne wakashika. Nilikuwa tayari kusikia ngazi, ngazi, ngazi. Aliyetaja ngazi ni mmoja. Waliotaja maji ni wote wanne.

Unajua Nairobi maji huja kwa zamu. Siku ya zamu tangi linajazwa, halafu mnajipanga. Fundi wa mabomba alipopanda juu ya paa alicheka. Tangi lilikuwa limekalishwa moja kwa moja kwenye slabu. Maji ya tangi husukumwa na uzito wake: kadiri bomba lako lilivyo chini ya tangi, ndivyo presha inavyozidi. Orofa ya chini maji yanaruka, orofa ya tano yanatoa machozi. Na tangi likianza kupungua, wa chini wanachota yaliyobaki kabla yako.

Tulipomweleza mama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Kumbe! Mimi miaka yote nalaumu ngazi. Ngazi siwezi kuzipunguza, lakini tangi naweza kuinua."

Alikuwa anapanga kuweka vigae vipya na kupaka rangi. Tukamwomba aache kwanza. Pesa hiyo ikaenda kwa stendi ya chuma ya kuinua tangi, na tangi dogo la pili la orofa ya tano peke yake. Kigae kizuri hakioshi nepi.

Kodi: fanya hesabu, usifanye kiburi

Pili ni bei. Mama hakutaka kushuka chini ya Sh9,000 kwa sababu jirani anatoza hiyo. Lakini tazama. Ukishusha hadi Sh8,000, unapoteza Sh12,000 kwa mwaka kwa kila chumba. Chumba kikikaa tupu miezi miwili tu ukingoja wa Sh9,000, umepoteza Sh18,000. Sasa kiburi kinakugharimu pesa.

Na kama kodi zako kwa mwaka ziko kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni, kumbuka KRA. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi ya nyumba ni asilimia 7.5 ya unachopokea, na unalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Pesa ya ukarabati hauiondoi kwanza. Kwa hivyo kila shilingi ya kutengeneza inatoka mfukoni mwako. Itumie pale ambapo watu wanaumia, si pale ambapo picha inapendeza.

Kasoro yako ni starehe ya mwingine

Ngazi zilibaki 90. Swali likawa: ni nani hatajali?

Fikiria Zimmerman ilivyo. Majengo yamebanana, orofa za chini unawasha taa saa nne asubuhi na tokeni zinaisha kama maji ya moto. Juu kuna mwangaza wa bure. Juu hakuna mtu anayeburuta viti kichwani pako. Kamba ya nguo iko hapo karibu. Basi tukaacha kumtafuta "mpangaji yeyote". Tukamtafuta anayelala mchana kwa sababu anafanya shifti ya usiku. Tukamtafuta anayefanya kazi za mtandaoni na anataka mwangaza na utulivu.

Video mpya niliianza kwenye geti. Sikukata hata sekunde. Nilipanda ngazi zote huku nikihesabu kwa sauti, na nilipofika ya 70 nilikuwa nahema kama mbuzi wa Krismasi. Nikafungua bomba kamera ikiona. Mwisho nikasema: kama una mtoto mdogo, mzazi mzee au goti bovu, hii si yako, niandikie nikutafutie ya chini.

Watu wengi waliuliza kisha wakapotea. Sawa tu. Hao wangehama hata hivyo, na kuhama ni gharama kwa kila mtu. Chumba cha kwanza kilichukuliwa na kijana mlinzi wa usiku. Cha pili, dada anayefanya kazi kwa kompyuta. Cha tatu kilisumbua wiki saba, kisha mwanafunzi akakichukua kwa Sh8,000. Wote watatu bado wako.

Jambo lingine: usimtoze mtu pesa ya kuonyeshwa nyumba. Anayetafuta keja anaweza kuzunguka ploti kumi kwa siku. Ukimkamua langoni, anapanda ngazi zako tayari amekasirika. Na wewe unayetafuta, usitume hata bob kabla hujaingia ndani, ukafungua bomba na kuwasha taa. Uliza jirani maji yaliisha lini mara ya mwisho. Jirani halipwi kamisheni.

Yule dada wa kwanza? Nilimtumia kamisheni yote niliyopata kwake, nusu kwanza, nusu mwezi uliofuata. Hakujibu ile ya kwanza. Ya pili aliandika, "Nimeona." Nilipopata chumba cha orofa ya kwanza kwenye ploti nyingine, nilimtumia video, bomba likiwa wazi. Hakukichukua. Lakini alimpa namba yangu rafiki yake anayetafuta keja.