Ritani ya Sifuri kwa Mapato Yasiyo Sifuri

Kila mwaka, kuanzia Mei hadi usiku wa tarehe 30 Juni, washauri wa kodi nchini Kenya huulizwa swali lile lile na watu waliojiajiri, wawe wafasiri, wapiga picha, wasanifu wa majengo au waandishi wa programu za kompyuta: je, kwa kuwa hawana mwajiri, na kwa kuwa wateja wao wamekwisha kuwakata kodi au wako ng'ambo, haitoshi kumlipa kijana wa saiba, yaani duka la huduma za intaneti, awawekee nili na mambo yaishe? Swali hili limebeba makosa mawili kwa pamoja, na kwa kuwa limejibiwa kwa ufupi mara nyingi pasipo kusikika, yafaa sasa lijibiwe kwa urefu.

Ritani ni taarifa ambayo mlipakodi huiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA, akijikadiria mwenyewe mapato ya mwaka, gharama za biashara na kodi inayobaki baada ya hesabu hizo. Ritani ya sifuri, hiyo inayoitwa nili, ni tamko mbele ya sheria kwamba mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, hakupata chochote cha kutozwa kodi katika mwaka mzima, na iliwekwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo tu: mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa elimu ya juu wa HELB, au mtu aliyekaa mwaka mzima bila kazi wala biashara. Mazoea huanzia hapo hapo chuoni, kwani mwanafunzi huwekewa nili mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa haki kabisa, kisha akihitimu na kuanza kuuza ujuzi wake huendelea kurudi kwa kijana yule yule, kwa ada ile ile ndogo, bila mmoja wao kuuliza kama hali imebadilika. Wa saiba hauzi ushauri wa kodi; anauza ubonyezaji wa vitufe, na tamko linalotoka hapo hubaki la mwenye PIN, ambaye ndiye atakayeitwa kulijibia.

Kosa la kwanza limo katika maneno "nimekwisha kukatwa". Mteja anayemlipa mtaalamu mkazi wa Kenya ada inayofika shilingi 24,000 kwa mwezi anapaswa kuzuia asilimia 5, kuiwasilisha KRA ndani ya siku tano za kazi, na cheti cha makato hayo hutolewa kwa PIN ya aliyelipwa. Hiyo ndiyo kodi ya zuio, na kwa ada za kitaalamu za mkazi si kodi ya mwisho, bali ni malipo ya awali yanayohesabiwa mwishoni mwa mwaka dhidi ya kodi yote inayodaiwa. Kwa hiyo anayeweka nili ilhali amekatwa anajipinga mwenyewe ndani ya akaunti moja ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ambamo upande mmoja wasema hakupata kitu, na upande wa pili vyeti vyataja nani alimlipa, lini na kiasi gani. Hakuna haja ya mpelelezi kuliona jambo hilo, hasa baada ya KRA kutangaza kwamba, kuanzia ritani za mapato ya 2025, mapato na gharama zinazotajwa zingelinganishwa na ankara za eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na kumbukumbu za kodi ya zuio.

Hesabu yenyewe huonyesha ukubwa wa kosa hili. Mfasiri aliyelipwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka na kutumia shilingi 400,000 kwa ajili ya kazi tu hubaki na 800,000 za kutozwa kodi. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023, shilingi 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 412,000 zilizobaki asilimia 30, jumla shilingi 177,400. Ikiondolewa nafuu ya mtu binafsi, yaani punguzo la shilingi 28,800 ambalo kila mkazi hupewa kwa mwaka, kodi huwa 148,600. Wateja wake wamekwisha kumkata 60,000, hivyo deni lililobaki ni 88,600, na deni hilo halifutwi kwa kuandika sifuri. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 huweka adhabu ya asilimia 75 ya kodi iliyopunguzwa ikiwa tamko la uongo lilitolewa kwa makusudi, mbali na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, na ule muda wa miaka mitano ambao kwa kawaida huzuia KRA kufukua ritani za zamani haumkingi mtu aliyedanganya.

Linalosikitisha zaidi, na ambalo huwaduwaza wengi wakionyeshwa kwenye karatasi, ni kwamba nili huwaumiza hata wale ambao hawadaiwi. Mfasiri huyo huyo akiwa ametumia 900,000 kwa kuwalipa wasaidizi na kukodi ofisi, pato lake la kutozwa kodi ni 300,000, kodi baada ya nafuu ni shilingi 3,000 tu, na kwa kuwa alikatwa 60,000, ni serikali inayopaswa kumrudishia 57,000. Akiweka nili hajazidai. Mtu wa namna hii ameogopa kodi asiyodaiwa, akaacha fedha zake halali kwa sababu ya huduma ya dakika tano, na kila Juni mpya hurudi kuuliza ni saiba ipi iliyo rahisi zaidi.

Kosa la pili ni kudhani kwamba fedha zinazotoka kwa wateja wa Ulaya au Marekani ni za ng'ambo na hazihusu Kenya. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinasema wazi kwamba faida ya biashara ya mkazi inayofanywa sehemu ndani na sehemu nje ya nchi huhesabiwa kuwa imepatikana yote Kenya. Mwenye kufanya kazi mezani kwake Nyali kwa ajili ya kampuni ya Berlin hana mwanya hapo.

Yanayopaswa kufanywa si mengi. Mwenye duka, fundi cherehani au muuza chakula ambaye mauzo yake ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo, maarufu kama TOT, asilimia 3 ya mauzo ghafi kila mwezi ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, lakini kodi hiyo haitambui gharama, kwa hiyo mwenye faida nyembamba amwandikie Kamishna wa KRA kwamba anachagua utaratibu wa kawaida. Ada za kitaalamu, kama za mfasiri yule, haziruhusiwi humo kabisa. Anayebaki katika utaratibu wa kawaida na kutarajia kodi inayozidi shilingi 40,000 kwa mwaka hulipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, kisha salio ifikapo 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Tarehe 30 Juni ni ya ritani, si ya kuanza kutafuta fedha. Fedha za biashara ziwe na akaunti yake. Kila gharama iwe na ankara ya eTIMS, kwa maana tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi, isipokuwa zile chache zilizosamehewa na sheria, na kumbukumbu zote zitunzwe kwa miaka mitano.

Aliyekwisha kuweka nili za uongo asingoje barua. Msamaha wa adhabu na riba uliohusu madeni ya hadi 31 Desemba 2023 ulifungwa tarehe 30 Juni 2025, lakini ritani ya zamani bado inaweza kurekebishwa ndani ya iTax kwa miaka mitano tangu iwasilishwe, kuanzia mwaka wa zamani zaidi, vyeti vya zuio vikiingizwa kimoja kimoja ili kila shilingi iliyokatwa ihesabiwe. Deni litakalojitokeza laweza kuombewa kulipwa kwa mafungu, kwa maandishi na kabla mambo hayajafikia hatua ya KRA kuagiza benki izuie fedha zilizomo katika akaunti.