Giaboksi otomatiki na mwendo wa magari madogo

Giaboksi otomatiki ni giaboksi inayobadilisha gia yenyewe, bila dereva kukanyaga klachi. Katika magari madogo yenye injini za lita 1.0 hadi 1.5, kama vile Toyota Vitz, Toyota Passo na Honda Fit, aina ya giaboksi huathiri sana mchapuko wa gari, yaani jinsi linavyoongeza kasi. Spidomita ni jambo jingine. Madereva wengi hudhani kwamba gari la otomatiki "linadanganya" kwenye spidomita, lakini chanzo cha tofauti hiyo kwa kawaida ni matairi, au spidomita yenyewe jinsi ilivyotengenezwa.

Kazi ya gia

Injini ya petroli ina nguvu ndogo inapozunguka polepole. Gia humwezesha dereva kuuza kasi ili apate nguvu, au kuuza nguvu ili apate kasi. Haiwezekani kupata vyote viwili kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa gari lenye matairi ya 165/70R14. Kipenyo cha tairi hilo ni milimita 587 hivi, na likizunguka mara moja gari husogea mita 1.84. Tuseme gia ya kwanza, pamoja na difu, hupunguza mizunguko ya injini mara 11, na gia ya nne huipunguza mara 3.2. Injini ikizunguka mara 3,200 kwa dakika, gari litakwenda kilomita 32 kwa saa katika gia ya kwanza, na kilomita 110 kwa saa katika gia ya nne.

Sasa tuangalie nguvu. Injini ikitoa nyutoni-mita 90, katika gia ya kwanza magurudumu hupata 990, na gari husukumwa kwa nyutoni 3,400 hivi. Katika gia ya nne msukumo hushuka hadi nyutoni 980. Kwa gari la kilo 1,050 pamoja na dereva, huo ni mchapuko wa mita 3.2 kwa sekunde kwa sekunde katika gia ya kwanza, na chini ya mita 1 katika gia ya nne, kabla ya kutoa upinzani wa hewa na msuguano. Hii ndiyo sababu gari dogo huondoka kwenye taa vizuri, kisha likifika kilomita 90 kwa saa linaonekana kuchoka.

Otomatiki ya kawaida

Giaboksi za otomatiki zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, baada ya General Motors kuingiza Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Otomatiki zilizozoeleka baadaye hutumia gia za sayari na toki konveta. Toki konveta inakaa mahali pa klachi. Ni mfano wa feni mbili zinazotazamana ndani ya oili: moja huzungushwa na injini, nayo husukuma oili inayozungusha ya pili. Katikati yake kuna gurudumu dogo linaloelekeza oili upya, na kwa sababu hiyo nguvu ya mzunguko huweza kuongezeka karibu mara mbili gari linapoanza kuondoka.

Faida hiyo ina gharama. Feni ya pili huchelewa nyuma ya ile ya kwanza, na tofauti hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya oili. Gari kubwa halihisi hasara hii sana. Gari la lita 1.0 huihisi, kwa kuwa halina akiba. Ndiyo maana otomatiki za baadaye zina klachi ndogo ndani ya toki konveta, inayozifunga feni hizo pamoja gari likishashika mwendo. Dereva makini ataona mizunguko ya injini ikishuka kidogo bila gia kubadilika. Hapo klachi hiyo imefunga.

Otomatiki za zamani za magari madogo zilikuwa na gia tatu au nne tu. Pengo kati ya gia moja na nyingine ni kubwa, hivyo kila gia inapobadilika injini huanguka kwenye mizunguko ambako nguvu yake ni kidogo.

CVT

Aina ya pili haina gia za kuhesabu. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo la DAF 600, lenye mikanda ya mpira iliyopita kwenye makapi yanayoweza kupanuka na kusinyaa. (Gari hilo lingeweza kurudi nyuma kwa kasi ileile ya kwenda mbele, jambo ambalo halikuwa na faida kubwa kwa mtu yeyote.) Baadaye mpira ulibadilishwa kwa mkanda wa chuma, na mwaka 1987 Subaru ilianza kuutumia katika gari la Justy. Honda Fit ya mwaka 2001 ilitumia aina hii, na Vitz za kizazi cha pili, kuanzia mwaka 2005, nyingi pia.

CVT huiacha injini katika mizunguko inayofaa huku uwiano ukibadilika taratibu. Dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, injini hupiga kelele kwanza, halafu kasi hufuata. Aliyezoea manyuali huhesabu kasi kwa masikio: sauti ikipanda, mwendo umepanda. Ndani ya CVT hesabu hiyo inavunjika, na abiria huapa kwamba mshale wa spidomita umechelewa. Mshale uko sahihi. Ni sauti iliyotangulia.

Kupita magari na milima

Suala hili si la starehe tu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likipita lori linalokwenda 60 huchukua takriban sekunde 9 kupata mita 50 za kulipita salama, na katika muda huo husafiri mita 200. Basi linalokuja mbele kwa kilomita 80 nalo husafiri mita 200. Kwa hiyo zinahitajika mita 400 za barabara tupu, na hiyo ni kwa gari ambalo tayari limeshika 80. Gari lililokuwa nyuma ya lori kwa 60 linapaswa kwanza kuchapuka. Otomatiki ikichelewa sekunde moja kushusha gia, mita 17 zimepotea bila kitu. Ni afadhali dereva aishushe gia kabla ya kutoka nyuma ya lori, ama kwa kukanyaga pedali mpaka chini, ama kwa kitufe cha O/D. Taa ya "O/D OFF" ikiwaka, maana yake gia ya juu kabisa imefungwa. Si taa ya ubovu, ingawa wapo wanaoendesha ikiwaka mwaka mzima huku wakilalamikia matumizi ya mafuta.

Mwinuko nao huchukua sehemu yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari lililopita malori kwa urahisi pwani linaweza kushindwa kufanya hivyo Limuru.

Wakati wa kushuka, kama katika mlima Kitonga mkoani Iringa, otomatiki ikiachwa kwenye D hupandisha gia na kuacha kazi yote kwa breki, ambazo zikipata moto kupita kiasi hulegea. Kishikio kiwekwe kwenye 2, L au B, kulingana na gari.

Spidomita husoma nini

Spidomita haipimi injini. Hupima mzunguko upande wa kutokea wa giaboksi, au magurudumu yenyewe katika magari mapya. Kwa hiyo gia ya kwanza au ya nne, manyuali au CVT, kasi ileile husomeka vilevile. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi zinazotengeneza magari, inakataza spidomita kuonyesha kasi pungufu kuliko ya kweli. Kuzidisha kunaruhusiwa: hadi sehemu moja ya kumi ya kasi ya kweli, pamoja na kilomita 4. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hasa linaweza kuonyesha hadi 92 bila kuvunja kanuni. Ndiyo maana simu yenye GPS mara nyingi husoma chini ya spidomita.

Matairi huvuruga mpango huu. Mwenye gari akitoa 165/70R14 na kufunga 185/65R15 ili gari liinuke, mzingo huongezeka kwa karibu asilimia 6. Kama spidomita ilikuwa sahihi kabisa, ikionyesha 50 gari linakwenda 53, na kilomita zinazohesabiwa zinakuwa pungufu. Mchapuko pia hupungua kwa kiwango hichohicho, kana kwamba gia zote zimepandishwa kidogo. Tairi lililochakaa hufanya kinyume, kwa asilimia 2 hivi.

Kubadilisha giaboksi huleta kosa la namna nyingine. Giaboksi iliyotoka kwenye gari la injini tofauti inaweza kuwa na kijigia cha spidomita chenye idadi nyingine ya meno. Fundi anayehamisha giaboksi anapaswa kuhesabu meno hayo kabla ya kufunga.

Gari likikwama kwenye tope, mshale unaweza kuonyesha 40 huku gari halijasogea hata hatua. Ikiwa gurudumu moja limesimama na la pili linateleza, difu hugawa mzunguko kiasi kwamba lile linaloteleza linazunguka kwa kasi ya 80, mara mbili ya inayosomeka. Wanaosukuma kutoka nyuma wasisimame karibu nalo.