Je, Kazi ya Kupiga Picha za Eksirei Yakufaa?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, vijana wa Garissa, Wajir na Mandera huanza kuulizana watasomea kazi gani. Wengi hutaja udaktari na uuguzi. Ni wachache wanaotaja kazi ya kupiga picha za ndani ya mwili, ingawa mara nyingi daktari hungoja picha hiyo kabla ya kuamua lolote.

Asili ya kazi hii ni ugunduzi wa tarehe 8 Novemba 1895. Siku hiyo Profesa Wilhelm Conrad Röntgen, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, aliona mionzi ipenyayo nyama lakini huzuiwa na mfupa. Majuma machache baadaye akapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete vikaonekana wazi. Leo, mbali na eksirei, ziko mashine za ultrasaundi zitumiazo mawimbi ya sauti, na mashine za CT zionyeshazo mwili kana kwamba umekatwa vipande vyembamba kama mkate.

Kijana apendaye mashine hudhani kwamba kupenda huko kwatosha. Hakutoshi. Mfikirie mchungaji aliyevunjika paja porini, akaletwa Garissa juu ya gari la mizigo. Ni wewe utakayeugeuza mguu wake taratibu, na kumweleza kwa Kisomali au Kiswahili kwa nini asitikisike. Picha ikiharibika itabidi ipigwe tena, na mgonjwa apate mionzi zaidi. Ikiwa ni mbaya nayo ikaachwa ipite hivyo hivyo, daktari aweza asiuone ufa, na mtu akarudi kwao kwa mwendo wa siku nzima mguu ukiunga upande. Mtu mwenye haraka, au mkali kwa wagonjwa, heri atafute kazi nyingine.

Kazi si ya mifupa tu. Uchunguzi wa kifua kikuu uliofanywa nchini Kenya ulionyesha kwamba picha ya kifua huwagundua wagonjwa wengi ambao wangepita bila kujulikana kama wangeulizwa habari za kikohozi peke yake.

Hapa twapenda kusema na wasichana. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipochambuliwa, Mandera ilionekana kupita kaunti zote za Kenya kwa vifo vya kina mama wazazi. Ultrasaundi huonyesha mapema kondo la nyuma lililoziba njia, mapacha, au mtoto aliyekaa vibaya, na mama akapelekwa hospitali kubwa kabla ya uchungu kuanza. Lakini wako wanawake wengi wasiokubali kufunua tumbo mbele ya mwanamume asiye maharimu wao. Msichana ajuaye kazi hii atamwona mama ambaye mwanamume, hata awe na ujuzi gani, hataruhusiwa kumwona.

Wazazi huuliza kama mionzi haidhuru. Hudhuru, ikichezewa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alizoea kuweka mikono yake mbele ya mionzi ili kujaribu vyombo. Alikatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Siku hizi mpiga picha husimama nyuma ya ukuta wa kinga, huvaa aproni yenye risasi inapobidi, na kifuani huwa na beji ipimayo mionzi aliyoipata. Humwuliza kila mwanamke kama ana mimba kabla ya kumpiga eksirei. Anayeona kanuni hizo ni usumbufu asikaribie chumba hicho. Ultrasaundi haina mionzi ya namna hiyo.

Haja ya watu ni kubwa. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi mashine, na kila kaunti ikapangiwa hospitali mbili. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba mahali pengine mashine zilikaa bure kwa kukosa umeme, au watu waliosomea kuziendesha.

Anayetaka kuingia na ashike sana fizikia na baiolojia. Chuo cha mafunzo ya uganga, KMTC, hufundisha stashahada kwa miaka mitatu, na huomba wastani wa C pamoja na alama nzuri katika masomo yahusuyo kazi hii. Chuo hicho kina tawi Garissa, lakini si kila tawi lifundishalo upigaji picha, basi ulizeni kwanza kabla ya kulipa ada ya maombi. Atakaye shahada aweza kuisomea katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia.

Kabla ya hayo yote, kijana na aende hospitali iliyo karibu naye, aombe ruhusa kwa mkuu wa idara hiyo azungumze na wafanyao kazi, na awaulize hasa juu ya zamu za usiku.