Gari linavuja nini? Tuliyojifunza Mwandoya

Wapendwa wanakamati wa parokia na wafadhili wetu, katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo linaloonekana dogo: doa la majimaji chini ya gari. Doa hilo lilitugharimu fedha, likaleta kutoaminiana ndani ya kamati, na lingeweza kugharimu maisha ya watu.

Gari lenyewe ni Land Cruiser iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, inayohudumia Mwandoya na vijiji vya jirani. Hubeba vifaa vya visima na wahudumu wa afya, na mara nyingine humkimbiza mama mjamzito hospitalini. Kila asubuhi tulikuta doa upande wa ndani wa gurudumu la nyuma la kushoto. Fundi wa kwanza alisema ni oili ya difu, akabadilisha sili ya ekseli. Baada ya muda mfupi doa likarudi. Fundi wa pili akashauri difu nzima ibadilishwe. Wakati huo huo baadhi yetu tulianza kunong'ona kwamba huenda dereva ameuza vipuri vizuri na kuweka vibovu.

Kila majimaji yana alama yake

Kabla ya kutoa fedha nyingine tuliomba ushauri wa fundi mzee. Yeye hakuanza na spana. Alianza kwa kutueleza yafuatayo:

- Maji safi yasiyo na harufu, chini ya upande wa abiria wa mbele, kwa kawaida hutoka kwenye kiyoyozi. Huo si ubovu.
- Maji ya rejeta yenye dawa huwa ya kijani, mekundu au ya waridi, na yana harufu tamu. Ni sumu, hivyo mbuzi na mbwa wasiyanywe.
- Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi na inateleza.
- Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali inayofanana na yai bovu.
- Hydroliki ya usukani mara nyingi ni nyekundu na nyepesi.
- Mafuta ya breki ni mepesi, huwa na rangi ya njano hafifu au kahawia yakizeeka, na hubabua rangi ya gari.

Kisha alichukua glasi ya maji na kudondoshea matone ya majimaji yaliyotoka kwenye gurudumu. Oili huelea juu ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida, yaani yale yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4, huchanganyika na maji. Matone yetu hayakuelea. Tulikuwa tumelipia sili ya difu, kumbe zinazovuja ni breki!

Doa si chanzo

Fundi alitufundisha pia kwamba mahali majimaji yanapodondokea si lazima pawe ndipo yanapotokea. Upepo huyasukuma nyuma gari linapotembea, na vumbi au tope la mbuga hufunika njia yake. Hivyo gari lioshwe chini, liendeshwe kidogo, kisha liegeshwe usiku juu ya boksi lililokunjuliwa. Asubuhi mtu aangalie kuanzia kwenye doa kwenda juu, hadi afikie sehemu ya juu kabisa yenye unyevu.

Dramu ya breki ilipofunguliwa, tuliona mpira wa silinda ndogo ya gurudumu umelika, na brekishu zimelowa. Breki zilizolowa hazikamati vizuri, na gari huweza kuvuta upande mmoja. Mafuta yakipungua sana, hewa huingia kwenye mfumo na pedali huzama bila gari kusimama. Tuliwafikiria akina mama waliokuwa wamepanda gari hilo.

Kwa nini hatukugundua mapema?

Gari lilikuwa na madereva wawili wanaopokezana. Kila mmoja alipoona mafuta ya breki yamepungua aliongeza kidogo kutoka kwenye chupa yake, akaendelea na safari. Wote walikuwa waaminifu, lakini hakuna aliyeandika. Hivyo kila aliyefungua boneti alikuta kikopo kimejaa. Dereva tuliyemshuku tulimwomba radhi mbele ya kamati.

Tunazishauri kamati

1. Liwepo daftari moja la gari. Kila kinachoongezwa kiandikwe: tarehe, aina, kiasi na jina la aliyeongeza.
2. Mafuta ya breki yakipungua mara kwa mara, gari lisisafiri hadi chanzo kijulikane. Pedi zikilika mafuta hushuka polepole bila kuvuja, lakini hilo nalo linahitaji kukaguliwa.
3. Msiweke kamwe oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Huvimbisha mipira na kuharibu mfumo mzima.
4. Nunueni chupa ndogo zilizofungwa, kwa kuwa mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa.
5. Kabla ya kuidhinisha malipo, mwulizeni fundi: ni majimaji gani, yanaanzia wapi, na umejuaje?

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru kwa magari mnayotuwezesha kupata. Tunaomba pia kila gari liendelee kutengewa fungu la matengenezo, kwani gari lililotumika linafika kwetu na umri wake. Mpira wa silinda ni kitu kidogo kuliko difu, na difu ni kitu kidogo kuliko uhai wa mtu.

Sasa gari letu liko barabarani, na daftari liko kwenye dashibodi.