Sindano za Unga ni Hatari kwa Wote

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Iringa, ambamo Wilaya yetu ya Kilolo imo, watu 11 hivi katika kila watu wazima 100 walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Huko Zanzibar hawakufika hata mmoja katika kila 100. Ndugu zetu wa Visiwani wanayo haki ya kushukuru, lakini shukrani isiwe sababu ya kubweteka. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2012 miongoni mwa watu wanaojidunga dawa za kulevya uliwakuta takriban 11 katika kila 100 wana virusi hivyo. Ndani ya kisiwa chenye maambukizi machache, kumbe lilikuwamo kundi dogo lililobeba mzigo mzito kama wa mkoa wetu mzima.

Katika uchunguzi huo huo, kiasi cha mmoja kati ya wanne alionekana kuwahi kupata virusi vya homa ya ini aina ya C. Maradhi haya hukaa mwilini kimya kwa miaka mingi, na mgonjwa huweza kushtuka ini likiwa limekwisha haribika. Virusi vyake huweza kuishi ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, hivyo bomba moja linalozunguka maskani hutosha kuwaambukiza wengi. Mwaka 2005 wataalamu walieleza jambo la kuhuzunisha zaidi kutoka Dar es Salaam: mtu aliyekwisha kujidunga huvuta damu yake na kumpa mwenziwe asiye na fedha, kwa imani kwamba damu ile imebeba heroini. Huo ni ufukara unaogawana mauti.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya pwani. Tunawakumbusha kuwa barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga na kufika Ilula. Kinachoshushwa pwani hakishindwi kutufikia. Huduma ya methadoni ilipofunguliwa Mbeya mwaka 2017, ilidhihirika kwamba waathirika wapo pia Nyanda za Juu.

Serikali zetu zinastahili pongezi. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huondoa arosto, na anayeinywa hupungukiwa na haja ya sindano. Homa ya ini aina ya B ina chanjo. Aina ya C haina chanjo, lakini vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya 90 katika kila wagonjwa 100. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI nazo hutolewa bure.

Hata hivyo, dawa inayotolewa kila siku haimfai mtu anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka kituoni. Wala kituo hakimsaidii anayeogopa kukamatwa njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tukumbuke kuwa wengi huficha kwa sababu sisi tumewatisha.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Chama na Serikali, Bara na Visiwani, wasogeze huduma hizi karibu na wananchi. Kila anayepimwa virusi vya UKIMWI katika kundi hili apimwe pia homa ya ini, na apatiwe tiba. Askari wawasake waingizao na wauzao unga kwa nguvu zote za sheria, lakini wamwache mgonjwa afike hospitali kwa amani. Nasi wazazi, masheha na wenyeviti wa vijiji, tuache kuwaita vijana hawa mateja kana kwamba hawana mama. Wana wake, waume na watoto, na damu yao ikichafuka, yetu haiko mbali.