Chatu mchanga amegoma kula? Usimfungue mdomo, anza na joto

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na mbolea ya kukuzia. Kijana mmoja anayehudumia wanyama kwenye bustani ya nyoka yenye kibali kaniandikia WhatsApp: "Shikamoo afisa. Chatu wetu mdogo ana siku kumi na tisa hajala. Tukimwekea panya anamwangalia tu, halafu anajikunja. Bosi anasema tumfungue mdomo tumsukumie nyama. Tufanyeje?"

Jibu fupi nililompa: msimfungue mdomo. Jibu refu ndilo hili, maana nimegundua wanaofuga nyoka kwa kibali wanaongezeka na sisi maafisa ugani hatuwaandikii kitu.

Kwanza sheria, niimalize. Chatu ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumwokota shambani ukamweka kwenye ndoo nyumbani, hata kama ni mdogo na watoto wamempenda. Ukitaka kufuga, nenda TAWA uulizie taratibu za kibali. Bahati yetu makao yao makuu yapo hapa hapa Morogoro, nauli ya daladala tu. Ukimkuta shambani, mwache aende zake au watafute watu wa wanyamapori. Kwa mkulima wa mahindi yule ni kibarua asiyedai posho, nitalirudia hilo.

Sasa huyu wa kijana wetu ni chatu wa hapa nchini, yule anayekua mkubwa kweli kweli. Lakini mafunzo mengi yaliyopo mtandaoni yanamhusu ndugu yake mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye Wazungu humwita chatu-mpira kwa sababu akiogopa hujiviringa na kuficha kichwa katikati. Makwao ni kuanzia Senegali hadi Uganda ya kaskazini-magharibi, na Ghana, Togo na Benin zimeuza wengi sana Ulaya na Marekani. Huyo ndiye bingwa wa kugoma kula. Mkubwa wake anaweza kukaa miezi bila chakula na akabaki mzima. Mchanga hana akiba hiyo, kwa hiyo lazima umfuatilie, ila kwa utulivu. Mengi yaliyojulikana kwake yanamfaa na chatu wetu.

Jambo la kwanza la kuuliza: ana umri gani? Chatu akitoka kwenye yai anakuwa bado na kiini tumboni. Anaishi kwa hicho mpaka ajivue gamba mara ya kwanza, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Ukimwekea panya siku ya tatu akakataa, hajagoma. Bado ana chakula chake cha ndani, kama kifaranga wa siku moja anavyosafirishwa kwenye boksi bila kula. Vilevile ukiona macho yamekuwa ya bluu kama yana maziwa, anakaribia kujivua. Mwache mpaka amalize.

Kama umri si sababu, shika kipimajoto. Nyoka hana moto wa mwilini kama ng'ombe. Akiwa wa baridi tumbo halisagi chakula, na mwili wake unajua hivyo, kwa hiyo anakataa. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Wafugaji wa kuku mnalijua hili kwenye bruda: vifaranga wakirundikana chini ya taa kuna baridi, wakikimbilia pembeni joto limezidi. Chatu naye msome hivyo hivyo. Akikaa siku nzima amejibana upande wa joto, ongeza. Akikimbilia kwenye bakuli la maji na kulala humo, punguza.

Hapa mjini Morogoro mchana joto linaweza kutosha lenyewe miezi mingi, kinachotuangusha ni usiku wa Juni mpaka Agosti. Ukipanda Mgeta na Nyandira, kule kwenye njegere na viazi, ni baridi tupu, na kufuga chatu kule bila chanzo cha joto ni kumtesa. Balbu iwekwe nje ya wavu asiweze kuigusa, maana nyoka huungua huku ametulia tu. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizoviringishwa kwenye kitambaa zinasaidia kwa saa chache. Jiko la mkaa hapana! Najua kwenye bruda wengi mnatumia, lakini ukilifungia kwenye chumba kidogo hewa yake itamuua nyoka, na wewe pia.

Kijana alipopima, upande wa "joto" ulikuwa na nyuzi 26. Kizimba kilikuwa cha kioo pande zote, kipo mapokezi, wageni wanakigonga kwa vidole kutwa nzima. Sasa hapo nani atakula?

Chatu mchanga porini ni chakula cha watu wengi: kipanga, kicheche, kenge. Kwa hiyo akiwa mahali peupe, wazo lake la kwanza ni kujificha. Chatu-mpira kwao hukaa kwenye mashimo ya panya na kwenye vichuguu. Mpe kitu kinachofanana na hicho: boksi dogo au chungu kilichopasuka kikafunikwa, chenye mlango mmoja, kimbane mgongo na ubavu. Watu wanadhani kikubwa ndiyo bora. Hapana, yeye anataka kubanwa. Weka kimoja upande wa joto na kingine upande wa baridi, funika kioo kwa gazeti au khanga, kisha usimguse wiki nzima isipokuwa kubadilisha maji.

Baada ya wiki hiyo ndipo umpe chakula, jioni giza likiingia. Kinda wa panya mwenye unene usiozidi sehemu nene ya mwili wa nyoka, uzito kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Chatu wa gramu 60 apewe kinda wa gramu 6 hadi 9. Kama ametoka kwenye friza, myeyushe ndani ya mfuko kisha umpashe kwenye maji ya moto mpaka ukimshika uhisi joto la mnyama hai. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Mshike kwa koleo refu, msogeze taratibu mbele ya maficho, halafu mwachie. Asipochukua, acha pale usiku kucha uondoe asubuhi. Panya aliye hai usimwache humo peke yake, nyoka asiye na njaa anaweza kung'atwa mpaka mfupa.

Akikataa, subiri siku tano hadi saba ndipo ujaribu tena. Hapa ndipo wengi wanaharibu: leo panya, kesho panya, keshokutwa panya. Kila siku unamtisha upya, halafu unashangaa hali.

Ujanja unaobaki ni harufu, na hapa kuna kichekesho. Wafugaji wa Ulaya na Marekani chatu-mpira akigoma panya weupe, humpa panya wenye manyoya laini kutoka Afrika, na wengi hawakatai. Panya hao ni nani? Ni ukoo wa Mastomys, yaani panya shamba wetu mwenye chuchu nyingi, yule yule anayefukua mbegu zako za mahindi siku chache baada ya kupanda! Wenzetu wanamzalisha kwa makusudi, sisi watafiti wa SUA wamemfuatilia miaka mingi namna ya kumpunguza, na makadirio yanayotajwa ya hasara ya mahindi kwa panya nchini ni kati ya asilimia 5 na 15. Ndiyo maana nikasema chatu wa shambani ni kibarua.

Lakini usikimbilie kutega panya wa shamba umpe nyoka wako. Anaweza kuwa amekula sumu ya jirani, na sumu hiyo itaishia kwenye tumbo la chatu. Pia panya hubeba vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022, na wewe unayemshika ndiye wa kwanza kuambukizwa. Njia salama ni kuchukua matandiko kutoka kwa panya shamba waliozalishwa kizimbani na kumsugulia panya mweupe, ukiwa umevaa glovu. Kama huna, jaribu manyoya ya kifaranga. Huko Afrika Magharibi imeonekana chatu-mpira wadogo hula ndege kwa wingi, kwa hiyo harufu ya kuku si ngeni kwao.

Kumlisha kwa nguvu kunachana mdomo, kunavunja meno, na mara nyingi chakula kinatapikwa. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Nunua mizani ndogo ya jikoni, mpime kila wiki, andika kwenye daftari. Uzito ukishuka kwa zaidi ya asilimia 10, au ukiona kamasi, anapumua mdomo wazi, ana vidonda mdomoni au utitiri kwenye magamba, usingoje mlo mwingine, mpeleke hospitali ya wanyama pale SUA na hilo daftari mkononi.

Na akishameza, mpongeze kwa mbali. Saa 48 bila kumshika, la sivyo atakirudisha.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mahindi: muda wa kutega panya kabla ya kupanda, si baada.