Nyaya fupi za A380: mchoro mmoja, programu mbili

Sehemu za ndege kubwa ya A380 zilipofika Toulouse, Ufaransa, kutoka nchi jirani ya Ujerumani, mafundi wa Airbus waligundua kuwa baadhi ya nyaya zilizotandazwa humo mjini Hamburg hazikufika zilikotakiwa kuunganishwa. Zilipungua sentimita chache tu.

Chanzo kilikuwa mchoro. Pande zote mbili zilitumia programu ya usanifu ya CATIA, lakini Ujerumani ilikuwa na toleo la 4, Ufaransa toleo la 5. Marekebisho ya upande mmoja hayakuhamia ipasavyo upande wa pili.

Kwenye kompyuta, kurefusha mstari ulionyooka ni kazi nyepesi: mchoraji hutaja kiasi cha kuongeza, asilimia, au urefu kamili unaotakiwa. Waya wa ndege, hata hivyo, hupinda kukwepa mihimili na mabomba, na kila pindo hula urefu. Njia ikihamishwa kidogo, urefu wote hukokotolewa upya. Hesabu hiyo isipofanyika, waya hukatwa kwa kipimo cha zamani.

A380 ina nyaya za takriban kilomita 530. Nyingi zililazimika kutolewa na kupitishwa upya, na Juni 2006 kampuni hiyo ilitangaza ucheleweshaji. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007.

Ilipofika zamu ya kusanifu A350, wahandisi wa nchi zote walifanyia kazi mchoro mmoja wa pamoja.